Safu ya Pili ya Terek

Kwanza walinisihi niikate. Halafu wakanisihi nisiikate. Miti ni ile ile, waliosihi ni wale wale, na mimi ni Palzada yule yule, mjane wa Utenyaz, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto. Kama kuna mtu ameelewa, aje anieleweshe na mimi, maana mwaka mzima nimetembea na kichwa kinachozunguka kama pia.

Miti yenyewe ni terek. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake hushuka kwenye maji na kuchomeka vijiti vya terek kwa safu. Vijiti vinashika, vinapanda juu vimenyooka, mtoto anakua na miti inakua, na akifika wa kuoa inakatwa iwe boriti za paa lake. Kijana asiye na terek, watu humtazama wakajiuliza kama baba yake alimfurahia. Jalgas wangu alipozaliwa, Utenyaz alipanda safu nzima kwenye mkono wa zamani wa mto, akarudi na tope mpaka kwenye nyusi, akamwinamia mtoto na kumwambia, "Nyumba yako nimeshaianza. Sasa na wewe fanya haraka ukue." Baadaye akapanda safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Hiyo nitaifikia.

Miaka ikapita, mto ukakonda. Maji yalikwenda kwenye pamba za watu wa juu, sisi wa chini tukabaki na chumvi inayopeperuka mpaka ndani ya sukari. Msitu wa kando ya mto, ambao mama yangu alikatazwa kuuingia peke yake kwa sababu ya nguruwe mwitu, ukawa visiki. Utenyaz naye akafa. Nyuma ya nyumba yangu ukabaki uwanda mweupe na safu mbili za terek, nilizokuwa nikizinywesha kwa ndoo wakati hata mimi nilikuwa na kiu.

Ndipo wakaja watu wa msitu. Walizungushia ukingo wa mto waya ili ng'ombe wasiingie, wakachimba mfereji wa kurudisha maji kwenye mkono wa zamani, wakatuajiri wanakijiji tupande miti ya asili ili ndege na kulungu wapate pa kurudi. Mkubwa wao alikuwa Injigul, binti mdogo wa mjini, miwani usoni, buti kubwa kuliko miguu. Jalgas alikuwa wa kwanza kuajiriwa, nami wa pili. Injigul alitufundisha kuotesha turanga, mti wa asili wa kando ya mto wetu, kwa mbegu, mbegu ndogo kama vumbi, kwenye tope laini. Sisi tukamwonea huruma. Mtu gani anapanda mti kwa vumbi? Alipokwenda mjini tukakata matawi ya turanga tukayachomeka kama terek, safu nzuri zilizonyooka, tukaketi kunywa chai tukijisifu. Yote yalikauka yamesimama. Injigul alirudi, akayatazama, akatutazama, akasema, "Haya, tuanze tena," na hakutukumbusha tena. Hilo ndilo lililonifanya nimpende, na ndilo lililonisumbua baadaye.

Majira ya baridi ya kwanza alikuja kwangu, akaketi kwenye godoro la wageni, akala mkate wangu, akaniita apa, kama binti anavyomwita mama kwa heshima, kisha akaniambia niikate terek.

"Si miti ya hapa, Palzada-apa. Ni migeni. Inakunywa maji kama ngamia, na miche yetu ya turanga ina kiu."

"Migeni? Mwanangu kazaliwa nayo!"

"Si utaikata hata hivyo, kwa ajili ya nyumba yake? Ikate sasa. Utomvu umeshuka, baridi ni nzuri, nitakupa vijana wa kukusaidia."

Nilikataa. Sikukataa kwa ukaidi, ingawa ukaidi ninao. Miti ya kijana haikatwi kabla mkate wa posa haujamegwa. Ukiikata kabla, boriti zitageuka machela ya kumbebea kaburini. Kila mama wa huku anajua hivyo, hata yule aliyesoma. Nilimwambia Injigul angoje nimpatie mwanangu mchumba, kisha nitaikata yote mpaka mzizi. Akakubali. Kwa hiyo mwaka ambao nilikuwa na ruhusa ya kukata, sikuwa na mchumba.

Mchumba alipatikana vuli iliyofuata. Sarbinaz, binti wa Allambergen, dereva wa trekta la kijiji, mwanamume ambaye sauti yake hata akinong'ona inashinda injini. Sarbinaz ni mshonaji, kimya, macho yake yanaona kila kitu. Mshenga wangu alikuwa jirani yangu Ziyada, na Ziyada hana breki mdomoni. Mkate ulimegwa, kila upande ukachukua nusu yake na kuifunga kwenye kitambaa, na Allambergen akatoa sharti moja, la siku ya Nauruzi, mwaka mpya wetu wa mwezi wa tatu.

"Sitaki makuu. Nataka paa. Siku ya Nauruzi nikija na binti yangu, nione paa juu ya kuta mpya."

"Utaliona," nikasema. "Jalgas ni kifungua mimba wangu. Baba yake kamwachia boriti nyingi kuliko za mwana yeyote hapa kijijini."

Ziyada akanong'ona pembeni yangu, "Kifungua mimba! Shoga, wewe mlango uliufungua, mbona hakuingia mwingine?"

Walicheka, nami nikacheka. Ziyada hana ubaya, ila ulimi wake unatangulia na akili inafuata kwa mguu. Lakini ni kweli kwamba siku zote nimemwita Jalgas kifungua mimba. Kwetu hilo ni neno zito. Kifungua mimba hujengewa nyumba yake akatoka. Wa katikati hivyo hivyo. Kitinda mimba ndiye anayebaki chini ya paa la baba, anairithi nyumba, anawazika wazee.

Kuta tulizijenga vuli, matofali ya udongo, mimi na Jalgas na wajomba zake. Zikasimama bila kofia zikingoja baridi.

Baridi ikaja, barafu ikafunga mfereji, utomvu ukashuka. Nilikuwa uani nanoa shoka nilipomwona Injigul anakuja mbio kutoka mtoni, miwani imeingia ukungu.

"Palzada-apa! Usikate!"

"Nisikate nini? Kuni?"

"Terek. Usiguse hata mmoja. Tai wamerudi!"

"Tai gani?"

"Mkia mweupe. Wawili. Wanajenga kiota kwenye safu ya pili, ule mti wenye panda. Apa, tai hawajajenga hapa tangu kabla sijazaliwa."

Nililiweka shoka chini. "Binti yangu, kaa. Kunywa chai. Mwaka jana uliketi hapo hapo ukaniambia miti hii inakunywa kama ngamia, niikate. Au niliota?"

"Hukuota."

"Ukasema ni migeni."

"Ni migeni kweli."

"Ebo! Sasa mgeni naye kapata mpangaji?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Tai hajasoma, apa. Miche yetu ya turanga bado inanifika magotini. Yeye anataka mti mrefu, na mirefu ni ya kwako tu."

"Basi abaki na safu ya pili. Mimi nikate ya kwanza."

"Wakisikia shoka wataondoka, na sidhani watarudi. Ngoja mpaka vuli, majani yakianza kupukutika. Kinda atakuwa ameruka. Hapo kata unavyotaka."

"Vuli! Harusi ni Nauruzi, sasa hivi!"

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama ataniletea askari, maana nasikia ndege hao wana sheria yao. Akasema, "Sheria ipo. Lakini sitakuletea askari. Nakuomba tu." Hapo ndipo aliponivuruga. Angeniletea askari ningejua la kufanya: ningekata.

Akiwa anainuka akasema, "Kwani safu ya pili ni ya nani? Jalgas aliponiita kuona kiota aliniambia yake ni ile ya mbele."

"Zote ni zake. Kifungua mimba anahitaji paa pana." Kisha masikio yangu yakanifikishia maneno yake mengine. "Nani kakuita kuona kiota?"

Akavaa glavu zake, akaenda. Mwanangu mwenyewe! Nilikaa na lile shoka mapajani mpaka chai ikashika barafu.

Jioni Jalgas alipoingia nilimwekea chakula, vidonge vya unga wa mtama juu ya nyama, nikamngoja atie tonge mdomoni.

"Wewe ndiye uliyekwenda kumwambia yule wa miwani?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Tai ni tai, mama. Ningefanyaje?"

"Ungefumba mdomo, ndivyo ungefanya! Au unamtaka yule wa miwani?"

Chakula kilimpalia. "Mama! Ana mume na mtoto!"

"Basi humtaki Sarbinaz."

"Namtaka."

"Utamlaza wapi? Juu kiotani?"

Alipangusa mdomo, akatazama juu. Juu yetu kulikuwa na boriti nyeusi za moshi, terek alizopanda baba mkwe wangu kwa ajili ya Utenyaz. "Nyumba ipo," akasema.

"Nyumba hii ni ya kitinda mimba."

"Yuko wapi, mama?"

Alisema taratibu, wala si kwa ubaya. Nilianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, nikavimwaga, nikaviosha, nikaviosha tena.

Hapa niseme habari ya safu ya pili. Jalgas alipokuwa anajifunza kutembea, nilishika mimba tena. Mila inasema baba apande mtoto akishalia. Utenyaz hakuweza kungoja, alikuwa mtu wa haraka, akaenda kupanda tumbo langu likiwa bado dogo. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, hakulia, hakupewa jina. Baadaye nikapata mwingine, naye akaenda hivyo hivyo, na baada ya hapo sikupata tena. Utenyaz aliendelea kuinywesha safu ile kama ya kwanza, ndoo kwa ndoo. Hatukuwahi kuizungumzia. Mti mmoja upepo wa chumvi uliuvunja ncha ukaota panda, ukawa hauna faida hata ya nguzo ya zizi, na bado aliunywesha. Alipokufa nikaendelea mimi. Nami nikaendelea kusema kifungua mimba, kifungua mimba, maana mlango uliofunguliwa bado mtu anaweza kuingia. Nina miaka hamsini na mvi zangu na nilikuwa bado nasema. Kichwani nilijua. Mdomoni sikutaka.

Na tai, kati ya miti yote, wakachagua ule wenye panda.

Mwisho wa Januari Allambergen alikuja kutazama kuta. Alizunguka, akapiga matofali kwa kiganja, akatazama mbingu mahali ambapo paa lingekuwa.

"Pana hewa safi," akasema kwa ile sauti yake, mbwa wa jirani wakabweka. "Boriti ziko wapi, Palzada?"

"Zimesimama."

"Naona. Binti yangu alale chini ya miti? Watu wananiambia Allambergen binti yako anangoja ndege atage."

"Ngoja mpaka vuli, mkwe."

"Vuli nini? Kuna watu wa Kungrad wamenitumia salamu. Wana paa la bati na choo ndani. Nimewajibu kuwa nimeshamega mkate. Usinifanye mjinga. Siku ya Nauruzi, paa, au nusu ya mkate wako nitakurudishia."

Alipoondoka Ziyada akanivaa. "Kata! Ndege ana mabawa, aende kwingine. Wewe una kijana mmoja." Kabla hajafika langoni akageuka. "Ila usivunje kiota, shoga. Avunjaye kiota hufunga tumbo la bibi arusi. Binamu yangu alivunja cha mbayuwayu, mpaka leo mkaza mwanawe anapakata mito."

"Sasa nikate nisikate?"

"Kata, lakini usivunje."

"Nikikata safu ya mbele watakimbia, kiota kitabaki kitupu. Hiyo ni kuvunja au si kuvunja?"

Ziyada alifikiri sana, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. "Muulize mullah," akasema.

Nilimuuliza. Mullah alisema ndege ni viumbe wa Mungu na ndoa ni sunna. Asante, hayo niliyajua nilipotoka nyumbani.

Basi nikaanza kwenda kuwatazama. Nilijiambia nakwenda kuchagua boriti. Yule jike ni mkubwa kuliko dume, na ana hasira. Dume huleta tawi, jike hulitazama, hulichukua, hulitupa chini. Dume huenda kuleta jingine. Nilicheka peke yangu kwenye baridi kama mwendawazimu. Kisha nikakumbuka kuta zisizo na paa, nikakasirika, nikawarushia maneno ambayo sitayaandika. Wakanitazama kwa macho yao ya njano wakaendelea na ujenzi. Wao walikuwa na nyumba kabla ya mwanangu.

Mwezi wa pili ukawa unaisha na utomvu ulikuwa karibu kupanda. Ukikata terek ikiwa na utomvu, wadudu wataila boriti na paa litakuangukia. Asubuhi moja nilikata shauri. Nilikunywa chai, nikasema bismillahi, nikabeba shoka, nikavuka waya. Nilikwenda moja kwa moja kwenye safu ya kwanza, mti wa mwisho, ulio mbali na kiota. Nikanyanyua shoka.

"Mama mkwe."

Aliniita hivyo kabla ya haki yake. Sarbinaz alikuwa ameketi chini ya matete makavu, skafu mpaka puani, na kando yake, akijaribu kujificha nyuma ya matete ambayo hayakutosha kuficha hata kuku, mwanangu. Wachumba hawatakiwi kuonana kabla ya harusi. Nilitaka kuwafokea lakini nilikuwa na shoka juu ya kichwa, na mtu mwenye shoka juu ya kichwa hawezi kuwafundisha wengine adabu.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunawatazama," Sarbinaz akasema. "Jike ameshalala. Ametaga."

"Na wewe hutaki nyumba?"

"Nataka." Akainuka, akapangusa theluji magotini. "Lakini ni mimi niliyemwambia Jalgas amwite Injigul. Usimkasirikie yeye. Mimi ndiye niliyeona kiota kwanza, nilipokuja kuokota kuni. Nikaogopa. Nikajua utakata, na mimi nitaingia kwenye nyumba iliyoezekwa kwa kiota cha mwenzangu. Ningelala vipi humo? Kila mwezi ningehesabu siku zangu, na nisiposhika mimba ningesema ni ule mti."

"Basi mwambie baba yako!"

"Baba akisikia habari ya uzazi huziba masikio."

Hapo Jalgas akacheka, kisha akajiona anacheka, akaacha. Nilishusha shoka. Huyu msichana anaitaka nyumba, tena yeye ndiye anayeizuia. Mwanangu anamtaka msichana, tena anamlinda ndege anayemkosesha. Na mimi? Nilitazama ule mti wenye panda. Jike alikuwa amejilaza, kichwa tu kinaonekana, ameketi juu ya kitu chake kwenye mti wa mtoto wangu ambaye hakulia. Nilitaka kumfukuza na nilitaka kumfunika blanketi. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kilikuwa changu.

Nilirudi nyumbani na shoka safi. Wiki ile utomvu ukapanda.

Siku ya Nauruzi wanawake walikusanyika uani kwangu kukoroga uji wa ngano iliyochipua, maana mimi ndiye mwenye sufuria kubwa. Tulikuwa tunapokezana mwiko, moshi machoni, Ziyada akisimulia aibu za watu, Injigul naye amealikwa na buti zake. Allambergen akaingia. Hakusalimia kwa kelele, na hapo nikajua. Alikuwa ameshika kitambaa chenye nusu ya mkate, mkavu kama tofali. Nyuma yake langoni alisimama Sarbinaz, macho chini. Jalgas aliacha kupasua kuni.

"Palzada," Allambergen akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya mtu wa kawaida, "nimekungoja mpaka leo. Sina chuki na wewe. Lakini nina jina langu."

Akaninyooshea kitambaa.

Ukikipokea kitambaa hicho, imekwisha. Nilimtazama mwanangu. Uso wake ulikuwa kama siku ile tulipomshusha baba yake kaburini, mdomo umekazwa ili usifanye kitu chochote. Nilikuwa bado na mwiko mkononi, uji unadondoka kwenye kiatu.

"Wewe unadai paa jipya kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mwanao. Nani mwingine?"

"Paa jipya hudaiwa kwa nani, kwa mila?"

"Kwa anayetoka kwao. Mwenyewe umesema kifungua mimba, kifungua mimba, mpaka kuku wa kijiji hiki wanajua!"

"Nilisema." Nilidhani maneno hayatatoka, maana kwa zaidi ya miaka ishirini yalikuwa hayajatoka. "Nilisema sana. Sasa nasema jingine, na hawa wanawake wote ni mashahidi. Jalgas ni kitinda mimba wangu."

Hakuna aliyekoroga. Nilisikia uji unaanza kushika chini.

"Hakuna mwingine anayekuja," nikasema. "Safu ya pili haina mwenyewe. Ilikuwa ya mtoto aliyetoka bila kulia, na Utenyaz aliinywesha mpaka alipokufa, na mimi nikainywesha baada yake. Sasa nimesema. Jalgas ndiye wa mwisho, na wa mwisho hukaa chini ya paa la baba yake. Paa lenyewe lile pale. Ukidai jingine, Allambergen, unataka mwana wa mwisho amtoke mama yake mjane. Unalidai mbele ya watu hawa?"

Alitazama paa langu la zamani, akatazama kuta mpya, akamtazama Ziyada kana kwamba mshenga angemwokoa. Ziyada alikuwa analia wazi wazi, kamasi na vyote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Injigul alikuwa amevua miwani.

"Kwa nini hukuniambia toka vuli?" Allambergen akasema mwishowe. "Nisingedai."

"Sikuwa najua."

"Ulikuwa hujui kuwa una mtoto mmoja?"

"Ndiyo," nikasema. "Sikuwa najua."

Kisha akakirudisha kitambaa kifuani, ndani ya koti, akapiga kelele ili asionekane amelegea: "Uji unaungua, enyi wanawake! Hivi kuna mtu anakoroga au mmekuja kutazama sinema?"

Sarbinaz ndiye aliyenipokea mwiko.

Harusi ilifanyika kabla ya joto. Bibi arusi aliingia chini ya boriti nyeusi za baba mkwe wangu, akainama mara tatu kama inavyotakiwa, na hakugonga kichwa, ingawa mlango wangu ni mfupi. Zile kuta mpya bado hazina paa. Kuku wanalala humo. Vuli ikifika Injigul atanikumbusha kwamba sasa naweza kukata, kwa sababu terek ni migeni na inakunywa maji kama ngamia, na mimi sijui nitamjibu nini. Boriti za nani? Watu wananiuliza kama nina hasira, kama nina furaha. Nawaambia wanipe muda, bado natafuta.

Juzi Injigul alikuja akiwa anarukaruka na zile buti. Kinda amechungulia, ameonekana. Tulikwenda wote wanne, mimi, yeye, Jalgas na mkaza mwanangu, tukalala kifudifudi nyuma ya matete, mimi na magoti yangu. Kichwa kidogo cha kijivu kikatokeza kwenye panda ya ule mti, kibaya kweli, mdomo mkubwa kuliko uso.

"Ni mmoja tu," Injigul akanong'ona. "Mwaka wa kwanza mara nyingi huwa mmoja."

"Wa kwanza huyo," nikamuuliza, "au wa mwisho?"

"Hilo, apa, hata mama yake hajui."

Nikamwambia anyamaze, atamwamsha mtoto.